Mutoto Aliyekataa Kuwa Muswahili

We unayenisikiliza, hebu niambie: kwenu mutoto asiyejua kuficha kitu, munamuitaka nani? Usijibu haraka. Mi nilikuwa na mutoto wa hivyo nyumbani, na kila mutu aliyepita mulangoni kwangu alimupa jina lake.

Alikuwa mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu. Baba yake na mama yake walikimbilia Uvira, kule ng'ambo ya ziwa, wakaniachia yeye kwa sababu alikuwa na surua, asingeweza ile safari. Alikuwa na miaka saba. Tukabaki Buyenzi, mutaa wetu hapa mujini, mi na yeye na vita. Masomo sina, nilikaa shuleni mwaka mumoja nikatolewa kwenda kuuza maandazi, kwa hiyo nitasema kama inavyokuja. Na nimechoka. Ile vita ilinichosha mpaka leo, nikikaa ni magoti ndiyo inaikumbuka. Lakini kuongea sijachoka. Kuongea ni chakula yangu.

Yule mutoto alikuwa anasema kila kitu. Mugeni akiingia, anamupokea: "Nyanya alisema utakuja saa ya kula." Haki ya Mungu! Mugeni anacheka, mi natafuta pa kuweka uso. Jirani akituletea ndizi, anamuambia, "Zile za jana zilioza, tukamupa mbuzi." Ile jirani alikuwa mama Mukongomani wa kuuza ndagala, wale samaki wadogo, na alimupenda sana. "Dada," alisema, mukono kifuani, "huyu iko na moyo mweupe." Mwalimu wake yeye alisema Kifaransa. "Mama, mutoto wako ni naïve," akaivuta ile neno kama mutu anavuta kamasi. Maana yake, mujinga asiyejua dunia. Halafu kaka yangu mukubwa, yule hana sukari mudomoni, akasema Kirundi: "Ni ikijuju." Mupumbavu, mutu wa bure. Nikamujibu, "Toka na ikijuju yako. Chai haiko."

Mi sikukubali hata moja. Mujinga ni mutu asiyejua, na yeye alijua, alijua ndizi zimeoza! Mukweli nayo, vile wengine walimuita, apana. Mukweli ni mutu mukubwa, ameona uongo, ameupima, akauacha pale chini. Mutoto yule alikuwa bado hajauona. Moyo mweupe ilikaribia. Lakini nguo nyeupe we unajua, mwenye matope mikononi anaionaka ya kwanza. Ndiyo niliogopa.

Maana siku zile kijana akikusimamisha barabarani haulizi jina. Anauliza uko upande gani. Sisi wa Buyenzi tulikuwa na jibu yetu: mi ni Muswahili. Maana yake, babu zetu walitoka huku na kule, tumechanganyika, musitutafute kwenye mambo yenu. Haikusaidia kila mara, lakini ilisaidia. Na yule mutoto alikuwa na baba wa huku na mama wa kule. Upande wowote angetaja, nusu yake ingekuwa adui ya mutu. Kwa hiyo nikamufundisha.

"Wakikuuliza we ni nani, unajibu nini?"

"Muswahili."

"Tena."

"Muswahili."

Alijibu kama mutu anaimba. Sikuuliza kichwani anawaza nini.

Sasa sikia kosa yangu. Ile neno iko na shimo ndani. Hapa mujini, wenye kusema Kirundi wakikuambia "uri umuswahili", hawakusifu: we mujanja, we muongo, ukisema jua imetoka wanatoka kwanza kuangalia. Mi niliitwa hivyo tangu utoto, masikio ilishakufa. Sikuwaza kwamba mutoto anaisikia shuleni kila siku, kila mara mwenzake akidanganya.

Asubuhi moja tulikwenda Buterere kuchukua muchele kwa mudogo wangu, analima kule chini kwenye maji. Wakati wa kurudi, mabasi hakuna. Wameshatangaza ville morte, muji umekufa, maduka yamefungwa mpaka Asiatique, kule kwa Wahindi. Tukatembea, muchele kichwani, mutoto mukononi. Kufika kwenye njia panda, mawe barabarani na muti imelazwa, vijana wanne wamekaa juu yake. Mumoja anakula muhogo. Mwingine, ndiye mukubwa wao, akasimama, akaniita mwanamuke muzee kwa Kirundi.

"We mukecuru, munatoka wapi?"

"Kuchukua muchele, mwanangu."

"Mwanako ni nani hapa?" Wenzake wakacheka. "Ninyi ni watu gani?"

"Waswahili. Wa Buyenzi."

Akamuinamia mutoto. "Na we? Uko Muswahili?"

"Apana," mutoto akasema, sauti haina hata vumbi. "Nyanya ndiye Muswahili. Mi sisemaka uongo."

Ule muchele juu ya kichwa ukawa kama mawe. Mwenye muhogo akaacha kutafuna. Mukubwa wao akachuchumaa kabisa, uso na uso na mutoto.

"Kumbe! Basi we wa kusema kweli, niambie. Baba yako ni nini?"

"Fundi cherehani."

"Sijauliza kazi. Yukoje?"

Mutoto akawaza vizuri, kama mutu anatafuta kitu kwenye sanduku. "Murefu."

Kijana akaishika ile neno, maana siku zile urefu nayo ilikuwa upande. "Murefu?"

"Akisimama na mama ni murefu. Akisimama na mulango ni mufupi. Na usiku anakoroma, mama anamupiga mateke."

Mwenye muhogo alicheka mpaka muhogo ukamutoka. "Aah, hii mutoto haijui kitu! Muache."

Mukubwa wao hakucheka. Akasimama, akaniangalia mi.

"Mukecuru. Hukumuambia ni wa upande gani?"

"Hajaniuliza," nikasema.

Sijui alikuwa anawaza nini, labda na yeye aliwahi kuwa na miaka saba. Akasukuma ule muti kwa muguu, nafasi ya mutu mumoja. "Piteni. Lakini mufundishe. Pale mbele, karibu ya daraja, kuna wengine. Wale hawachekaka."

Tulipita. Nilipofika mahali hawatuoni, nikatua muchele, nikaukalia. Ile kuchoka haikuwa ya njia. Umeelewa? Umelea mutoto wa hivyo, unaona kila siku yuko wazi kama kiwanja, halafu ni we mwenyewe unatumwa kumujengea ukuta. Na njia ingine ya nyumbani hakuna, na daraja ninaiona pale mbele, na watu juu yake.

"Nyanya, umekasirika?"

"Apana. Sikia. Muswahili si muongo."

"Shuleni wanasema ni muongo."

"Iko Muswahili ya aina mbili."

"We uko ya aina gani?"

We ungejibu nini? Na mi nikamuambia kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. "Ya zote mbili, mutoto wangu. Leo inabidi na we uwe ya zote mbili. Useme tu ile neno."

Akalia. Si kwa kelele, machozi tu, anayafuta na kitenge yangu. Akasema anaijaribu mudomoni lakini haitoki. Nikamubembeleza, nikamutisha, nikamuahidi maandazi. Bure. Jua ikapanda. Mwisho nikaweka muchele kichwani, nikasimama, maana pale hatungelala. Yeye akakamata vidole vyangu viwili, akafuta pua, akaniambia:

"Nyanya, mi sitasema kitu. Uongo useme we, mi nitakushika mukono mpaka umalize."