Kijani Kisicholika

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliyosimama mbele ya wakulima wa Didia nikiwa na kompyuta mpakato na ujinga wa kutosha wilaya nzima.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa Geita kusoma picha za satelaiti: wapi majani yamekauka kwa ukame, wapi bado yapo. Nilifanya kazi peke yangu chumbani, na mtu akikaa sana peke yake hukosa wa kumwambia kuwa amekosea.

Mama Kulwa, mjane mwenye ng'ombe tisa, alitaka kuwahamishia upande wa Buseresere wangali na nguvu za kutembea. Ngitili yake, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, aliiona imechoka. Mimi pichani niliiona kijani.

"Usihame, mama. Malisho yapo."

"Umeyakanyaga?"

"Satelaiti haikanyagi, mama. Inaona."

"Haya. Na ng'ombe nao watakula kwa macho."

Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikarudia ushauri wangu. Akabaki, kwa kuwa msomi amesema.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuiona ngitili yake. Kijani kilikuwepo kweli: vichaka vya miiba vilivyofungana juu, chini udongo mtupu. Satelaiti haikudanganya. Ilipiga picha vilele, mimi nikaviita nyasi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ng'ombe saba walikuwa wamekufa, na wawili waliobaki hawakuweza hata kusimama.

Nilimwamkia Mama Kulwa. "Marahaba," akajibu, akanitengea ugali na mlenda. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilijua, ng'wanawane, mwanangu. Niliona aibu kubishana na shule."

Tukala. Zizi lilikuwa kimya.

Hadi leo nikipita Didia wananiitikia salamu vizuri sana, na hakuna anayeniuliza lolote. Adhabu hiyo ni ya upole, ila haina mwisho.

Basi, mwanangu, picha zitazame. Ni kazi nzuri, nami bado naifanya. Lakini kabla hujamwambia mtu akae au ahame, panda basi, uingie kichakani pamoja na mwenye mifugo. Mkitofautiana, anza kwa kudhani yeye ndiye aliye sahihi. Ukikosea, wewe utaandika ripoti nyingine. Yeye hana zizi jingine.

Mungu akupe macho, akupe na miguu, na akujalie watu watakaothubutu kukubishia.