Mwezi Kwenye Paji la Ng'ombe

Waitara wa Turwa angekuambia mwenyewe kwamba yeye si mtu wa kulialia. Lakini ndama wa tatu alipokufa, siku ya nne tu tangu azaliwe, alikaa mlangoni pa zizi asubuhi nzima, kofia magotini, na hakuna aliyethubutu kumwita akanywe chai. Ndama mwenyewe alikuwa mdogo kama mbuzi, miguu ya nyuma imepinda. Kitu pekee kilichokamilika mwilini mwake kilikuwa kile kiraka cheupe kwenye paji, chembamba kama mwezi mchanga.

Kiraka hicho kina historia. Miaka arobaini na miwili nyuma, Waitara alipooa, kulikuwa na mitamba wawili wa tumbo moja wenye mwezi huo. Mmoja alitoka na mahari akaenda kwa wakwe, mwenzake akabaki. Ghati, bibi harusi mwenye mwanya na kicheko kilichofika kwa jirani wa tatu, alipoletwa tu alikwenda zizini akamkumbatia shingo yule aliyebaki.

"Ndugu yako yuko kwetu," alimwambia, "na mimi nipo kwenu. Basi tuzoeane."

Wakazoeana kweli. Tangu siku hiyo Ghati hakukamua ng'ombe mwingine kabla ya wa mwezi, na alikuwa akimsimulia mambo ya nyumbani ambayo mumewe hakuambiwa.

Kisha ikaja ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaofyeka mifugo. Katika ng'ombe thelathini walibaki watatu, na wote watatu, ajabu, walikuwa na mwezi. Waitara akaamini kwa moyo wake wote kwamba mwezi ndio kinga. Akafunga zizi. Dume akawa wa humohumo, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake. Vijana wake walipooa, alinunua ng'ombe wa mnadani wakaenda na mahari, wa mwezi wakabaki. Watu walimtania kwamba anawaficha ng'ombe utadhani ni mabinti wa mfalme. Aliwaacha watanie. Ghati alipofariki, miaka sita iliyopita, utani ulikoma, maana kila mtu alijua mzee analinda nini.

Sasa walikuwa wamebaki watatu tena: dume, mtamba mmoja, na Mwezi, ng'ombe wa mwisho aliyekamuliwa na Ghati kwa mikono yake. Mwezi alishazeeka. Alikuwa amebakiza mimba moja, labda mbili.

Mpangaji wa Waitara, mwalimu Editha, alikuwa mtu wa Kagera aliyefundisha baiolojia sekondari. Jioni ya siku ile aliyokufa ndama alikuwa anachambua maharage uani.

"Pole, baba," alisema. "Lakini naomba nikuonyeshe kitu, usinikasirikie." Akamsogezea ungo uliojaa maharage mekundu, na meupe machache. "Fumba macho, chota matatu."

Waitara alichota huku akinung'unika. Mawili meupe, moja jekundu.

"Ingeweza kuwa meupe yote. Ukipanda hayo tu, mwakani utasema shamba lako limependa weupe. Lakini ni mkono wako tu ulivyoangukia. Ndigana haikuuogopa mwezi, baba. Ilibakiza waliobaki."

"Na ndama wangu je? Wanakufa kwa nini?"

Editha aliacha kuchambua. "Kila kiumbe kina ubovu kidogo uliojificha kwenye damu. Akipata mwenza wa mbali, uzima wa mwenza unaufunika. Ndugu kwa ndugu, ubovu unakutana na ubovu mwenzake. Na zizi lako ni ndugu watupu."

Mzee aliyarudisha maharage ungoni, moja moja. Ilimuuma, kwa sababu alikuwa amewaua kwa kuwapenda.

"Yule aliyetoka na mahari," Editha aliuliza, "uzao wake uko wapi?"

Ulikuwa kijiji cha Natta, kwa Daudi, kaka yake Ghati, aliyehamia huko zamani kufuata malisho. Waitara hakuwahi kufika huko; Ghati ndiye aliyekuwa akienda kwao. Tangu msiba njia ile ilimkumbusha Ghati, na hakuwa na nguvu za kuipita. Safari hii aliipita.

Zizi la Daudi lilikuwa kubwa, la kila rangi, ng'ombe wenye nundu zilizosimama. Waitara aliwapitia mmoja mmoja akitafuta mapaji.

"Shemeji, wa mwezi wako wapi?"

"Wote hawa," Daudi akacheka. "Damu ya yule imeingia karibu kila ng'ombe unayemwona. Wengine tumetoa mahari, wengine tumepokea. Kupe na mbung'o wa huku wamewachuja wadhaifu. Mwezi wenyewe hujitokeza mara mojamoja." Akamwonyesha dume mwekundu, paji tupu. "Chukua huyu. Nipe mtamba wako."

Waitara alitikisa kichwa. Mtamba wa mwezi atoke, aje mwekundu asiye na alama? Angemkuta wapi Ghati tena? Alishika fimbo yake aage.

Ndipo akatokea mwanamke wa miaka thelathini hivi na bakuli la uji wa ulezi, akamwamkia kama baba yake mzazi. "Shikamoo, tata. Unaondokaje bila kunywa? Au umesikia napika vibaya?" Akacheka.

Waitara alilipokea bakuli bila kuliangalia. Kicheko kilekile, na mwanya uleule.

"Huyu ni nani?"

"Rose, kitinda mimba wangu. Ulimwona msibani, lakini msibani nani anacheka? Mimi sina mwanya, mama yake hana. Umetupita sisi ukamwangukia yeye."

Watoto wanne wa Waitara hawakuwa nao pia. Alikuwa ameamini aliuzika pamoja na Ghati. Alikunywa uji wote, akaomba mwingine ili Rose arudi, kisha akamwambia Daudi, "Mtamba nitamleta mwenyewe."

Mwezi alizaa masika yaliyofuata, alfajiri ya mvua: jike jekundu, paji tupu kabisa. Waitara alilipapasa paji lile kwa kidole, akaumia, wala hakukana kwamba anaumia. Siku ya nne alishinda zizini tangu kulipopambazuka. Ndama alinyonya, akakimbia, akarudi, akampiga mzee teke la goti.

Alipiga simu Natta. Rose akapokea.

"Yupo hai, tata? Ana mwezi?"

"Hana."

"Pole."

"Pole ya nini? Mwekundu kama wa kwenu, na amenivunja goti."

Rose akacheka. Waitara aliweka simu sauti kubwa, akaisogeza karibu na sikio la Mwezi.

"Cheka tena, mwanangu," alisema, "huyu alikizoea kicheko cha shangazi yako." Ng'ombe aligeuza shingo kuelekea ile sauti, na Waitara akalia mbele ya mwalimu Editha aliyesimama mlangoni pa zizi, mchana kweupe, bila hata kutafuta kofia ya kujifunika.