Nepi kwenye Mvua

Muuguzi wa zahanati alimwambia Elikia ajiandae mapema, maana uchungu wa mimba ya kwanza hauna adabu, huja unapotaka. Alete beseni, sabuni, wembe mpya, pamba, vitambaa vya mtoto na makaa ya kupikia.

"Na garde-malade," alimalizia. "Mutu wa kukulinda. Pasipo garde-malade utateseka, mama. Nani atakuletea maji? Nani atakupikia?"

Elikia aliitikia tu. Vitu hakuviogopa. Mtu ndiye aliyekuwa kazi kumpata. Yeye alizaliwa Kisangani, akaolewa na Valentin, askari wa hao waasi walioushika mji wa Butembo, na Valentin mwenyewe alikuwa amepelekwa mapiganoni upande wa Bunia kabla tumbo halijaonekana. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo ya vita, kusikofika lori wala salamu. Kwa hiyo alibaki peke yake katika nyumba ya kupanga mtaani Kimemi, akizungumza na sufuria.

Usidhani Kimemi ni jangwa. Watu wamejaa, biashara haina pumziko, na asubuhi huwezi kuvuka barabara bila kugongwa na gunia la mtu. Lakini mgeni ni kuku mweupe, na mke wa mwenye bunduki ni mweupe zaidi. Akifika bombani, mazungumzo ya wanawake yalikauka. Walimsalimu vizuri, wakamwachia zamu yake, wakangoja aondoke. Hawakuwa na roho mbaya. Askari walikuwa wamewala kuku wao na mbuzi wao, na mtu aliyeliwa mbuzi wake hutoa salamu, kiti hatoi.

Mmoja wa walioliwa mbuzi alikuwa Mama Hulda, jirani wa karibu kuliko wote, mjane muuza unga wa muhogo na mzee wa kanisa. Dirisha la jiko lake lilitazama ua wa Elikia. Kila asubuhi macho yao yalikutana, kila asubuhi Elikia alijiambia leo nitamwomba, na kila asubuhi ulimi ulimwia mzito.

Basi alijishughulisha na alivyoviweza. Beseni alinunua. Makaa aliyahifadhi pembeni mwa kitanda, yasinyeshewe. Shuka moja nyeupe aliyopewa na mama yake siku ya harusi aliikata vipande, akavikunja kingo na kuzishona kwa mkono, vikawa nepi. Alipoikata alilia kidogo, kisha akajicheka, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumcheka. Siku ya jua akazifua, akazianika zote kwenye kamba, jinsi alivyomwona mama yake akifanya kila alipokaribia kujifungua.

Hapo ndipo alipokosea, na asingejua. Kisangani nepi kwenye kamba ni nguo tu. Katika mtaa ule zilikuwa tangazo. Mwanamke aliyejifungua huanika nepi, jirani akiziona huwaita wenzake, na wenzake hawaulizi, huja na chakula.

Alasiri alisikia wimbo wa kanisa langoni kwake. Aliwaza wamepotea nyumba. Alipofungua aliwakuta wanawake wa bombani, mmoja na kuni kichwani, mwingine na maharagwe, na mbele yao Mama Hulda na chungu cha uji wa ulezi. Wote waliliangalia lile tumbo lake kubwa, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Mutoto iko wapi?" aliuliza Mama Hulda.

"Hayakuya bado, mama."

"Na banguo ile?"

"Nilikuwa nafua tu."

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata, hata Elikia mwenyewe. Lakini Mama Hulda hakucheka. Alikwenda kwenye kamba, akazitoa nepi moja moja, akazikunja na kumkabidhi. "Hapana kuanika mbele mutoto hayazaliwa," alisema. "Kamba ya hapa inasema. Usiifundishe kudanganya."

Walimwachia kuni, maharagwe na uji, maana kilicholetwa kwa mzazi hakirudi nyumbani. Wakaaga. Elikia alisimama langoni na ombi lake mdomoni, na halikutoka. Aliunywa ule uji peke yake. Ulikuwa mtamu, nao ulimwongezea upweke, kwa kuwa sasa alijua nyumba yake inavyokuwa ikiwa na watu.

Uchungu ulimjia asubuhi moja ya mvua, ile mvua ya Butembo inayopiga mabati mpaka usisikie hata mawazo yako. Aliita. Sauti yake haikufika hata mlangoni. Alijaribu kwenda langoni, akashindwa, akarudi akitambaa na kushika ukuta. Aliogopa kweli. Alijiona amekufa pale sakafuni, pamoja na mtoto, na beseni jipya likimtazama.

Ndipo alipokumbuka kamba.

Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma. Alitoka na nepi kifuani, akajishikiza kwenye nguzo hadi maumivu yapite, akazitundika katika ile mvua, moja, na nyingine, na nyingine. Zilining'inia zikitiririka maji. Kisha akakaa chini kwenye tope akitazama dirisha la jiko lile.

Mama Hulda alitokea na gunia la kujikinga mvua kichwani, akigomba tangu mbali. "Nani anaanikaka banguo kwa mvua? Weye, miye sikukukataza?" Alipomkuta pale chini akakimbilia ndani. Akajitwika beseni lenye vitu vyote, akamtia mkono kiunoni, wakashuka kuelekea zahanati wakiteleza.

Muuguzi aliwapokea mlangoni, akalikagua beseni, akaridhika. Kisha akauliza kama alivyowauliza wote: "Garde-malade ni nani?"

Elikia aliinamisha kichwa. Swali lile alikuwa ameliogopa kuliko kujifungua kwenyewe.

Mama Hulda alikuwa akikamua maji kwenye kitenge chake. Hakuinua hata macho.

"Unaona nani mwingine hapa?" alisema. "Andika."