Namba 360,360 na sinia la Mama Zamzam

Leo jirani yangu anayesuka masinia amenisahihisha hesabu, na nimeshinda nayo kichwani mchana kutwa.

Nilikuwa barazani kwake hapa Naguru, naandaa somo la kesho. Nikajitapa: "Mama Zamzam, hii 360,360 inagawanyika kwa kila namba, moja mpaka kumi na sita. Hakuna baki."

Hata hakuinua macho. Sinia lake huligawa nusu, kisha nusu tena, mara nne, apate sehemu kumi na sita za rangi.

Akaanza hivyo hivyo. "Nusu, 180,180. Nusu, 90,090. Nusu, 45,045."

Akajaribu ya nne.

"Mwalimu, ya nne imekataa. Moja inabaki."

Kweli. Niliona mbili inaingia, nane inaingia, nikadhani basi kumi na sita imo. (Walimu wenzangu, semeni ukweli, nani angeliona?)

"Sasa nifanyeje?"

"Si uizidishe mara mbili? Imepungukiwa nusu moja tu."

720,720. Nimejaribu zote kumi na sita, zinaingia.

Kesho naiandika ubaoni. Wakiuliza nimeitoa wapi, nitawaonyesha sinia; nimeshaliazima kwa Mama Zamzam.