Chai ya Maman Bibiane na Habari ya Maua

"Mulitaja hata hesabu ya maua! Mulibafundisha kupika!"

Maman Bibiane alisimama mlangoni mwa redio ya mtaa, Ibanda, kikapu mkononi. Philémon, msomaji wa habari za asubuhi, alimwomba ashushe sauti, maana mikro ya kurushia matangazo iko wazi.

"Iache wazi. Batu basikie."

Chai ya mchaichai aliiuza sokoni Nyawera tangu kabla ya vita ya kwanza ya waasi, na vita ya pili ilimkuta palepale, kwenye benchi lilelile. Mume alienda Shabunda kutafuta dhahabu, akatuma salamu mara mbili, basi. Termosi mbili ndizo zilizolisha nyumba. Na maua yenyewe, yale meupe marefu yanayoning'inia kwenye uzio, aliyajua tangu utotoni kwao Nyangezi: ukiyagusa, mama anakuchapa. Hakuhitaji redio.

Jumatatu redio ikasema kwamba vijana wanayachemsha, ikataja hata mangapi kwa sufuria, kwamba wanaona watu wasiokuwapo, mmoja kaongea na ukuta siku nzima. Kwamba ni hatari, hapo ni sawa. Kisha ikasema kwamba maman mmoja, muuza chai wa Nyawera, anayatia kwenye termosi ili chai ikamate vichwa. Jina halikutajwa. La nini? Muuza chai pale alikuwa mmoja. Jumanne termosi zilirudi nyumbani zimejaa, na nyuma yake mtu alitamka "mulozi", yaani mchawi. Mjini humu, wakati ule, mwanamke aliyeitwa hivyo hakujua kama ataamka na nyumba au na majivu.

"Nani alikuambia ni mimi?" aliuliza sasa, pale mlangoni mwa redio.

"Mutu mumoja, maman."

"Alikunywa kwangu?"

"Alisikia."

"Alisikia! Na weye ukabeba."

Philémon akaahidi kurekebisha. Jumatano akasoma kwa sauti nzuri karatasi nzima, iliyoanza hivi: "Maman Bibiane wa Nyawera anakanusha kwamba anatia maua katika chai yake." Basi hata waliokuwa hawajui wakajua, na jina juu. Alhamisi vijana watatu walikuja wanacheka.

"Maman, tupatie ile ya kweli."

Aliwafukuza kwa upawa. Halafu akakaa, akainusa chai yake mwenyewe, yeye aliyeyachuma majani kwa mkono wake. Akinyamaza, watasema anaficha. Akisema, watauliza kinachomuwasha ni nini. Hakuelewa tena hata hasira yake aielekeze wapi, maana maua ni hatari kweli, na redio ilisema ni hatari.

"Muambie ule wa redio arudilie, kwa nguvu," alisema Constance, muuza mikate wa jirani.

"Akirudilia, nahama mimi."

Ijumaa akarudi redioni. Safari hii alikaa. Philémon naye alikuwa amechanganyikiwa.

"Nisipotaja jina unalalamika, nikitaja unalalamika. Maman, nifanye nini?"

Bibiane alivuta karatasi ya habari ya Jumatano iliyokuwa mezani, akaisoma polepole, kidole kwenye mstari.

"Jina yangu iko humu mara ngapi?"

"Quatre, mara ine."

"Na yako?"

"Haiko."

"Mimi nilifanya nini? Weye ndjo ulifanya. Ujisemee weye, mimi uniache."

"Batasema siko muandishi wa habari."

"Na mimi banasema niko mulozi. Tubadilishane?"

Philémon aligeuza karatasi, akatafuta kalamu. Alikuwa mtu wa kupenda sauti yake, na kujisema kwa sauti hiyohiyo ndiko kulikomuuma.

Jumamosi asubuhi, redio ndogo ya Constance ikiwa juu ya sanduku la mikate, wakamsikia: "Habari ya Jumatatu juu ya chai, ni mimi Philémon niliisoma. Niliambiwa na mtu mmoja, naye alikuwa amesikia tu. Sikufika sokoni. Sikuuliza muuzaji, sikuuliza muganga wa hospitali. Nikataja namna ya kupika, ambayo sikupaswa kuitaja. Maua yale yanaua, hilo nalisimamia. Mengine sikuyajua."

"Hata jina lako hajataja!" Constance akachukia.

"Ndjo vile nilimuambia."

Umati haukuja kukimbilia chai. Walikuja wawili, mmoja akanusa chai ndani ya gobeleti kabla ya kunywa, akanywa. Saa nne Philémon akatokea, akasimama mbele ya benchi, mikono mfukoni.

"Maman, deni yangu kwako imebaki?"

Bibiane alimwangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Umelipa. Sasa sogea, unazibia batu njia."