Ng'ombe Aliyeenda Supamaketi

Chepngetich alikuwa akichomelea mageti pale Kimulot tangu mumewe afariki, na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Kisha Kiptanui akafungua supamaketi mkabala na karakana yake. Alitaka senta hiyo ya biashara ifanane na mjini, kwa hiyo akasimamisha mbele ya mlango mabomba yaliyopindwapindwa, yamepakwa rangi nyekundu.

Chepngetich akavuka barabara kuyatazama. "Hii ni nini?"

"Sanaa ya kisasa, Mama Nelvine," Kiptanui akamjibu. "Haiulizwi maana."

Alicheka, akarudi kazini. Lakini asubuhi moja alimwona jirani yake Johana akipakia maziwa yote ya ng'ombe wake kwenye lori la kampuni, kisha akitoka supamaketi na maziwa ya pakiti ya kupikia chai. Jambo hilo likamkaa rohoni.

Akakusanya mabati, minyororo ya pikipiki na matangi mabovu. Wiki iliyofuata, ng'ombe wa chuma alikuwa amesimama wima mbele ya karakana, miwani ya jua usoni, mkoba kwenye pembe, akisukuma toroli lililojaa pakiti za maziwa.

Watu wakajaa. Johana alimkagua kutoka pembe hadi kwato, akaangua kicheko. "Woi! Huyu ni mimi kabisa."

Kiptanui hakucheka. "Ondoa hiyo takataka."

"Iko kwa ploti yangu," Chepngetich akamjibu. "Na haiulizwi maana."

Lakini waliokuja kupiga picha waliingia pia supamaketi kununua soda, na Kiptanui akarudi akitabasamu. "Niuzie. Nitamweka karibu na friji ya maziwa. Bei sema wewe."

Paa la jikoni kwa Chepngetich lilikuwa linavuja. Hata hivyo akasema, "Ukimweka huko, atakuwa anakutangazia pakiti. Hapana."

Kwa hasira, Kiptanui akasimamisha bango refu kando ya barabara kumziba ng'ombe. Chepngetich hakubishana. Alichomelea jukwaa la vyuma, akawaita watu wa bodaboda wakampandisha ng'ombe juu yake. Sasa hata wachuma chai wa mlima wa pili wanamwona, miwani ikimetameta juu ya bango.

Kiptanui bado hamsalimu. Paa bado linavuja. Lakini watu huja hata kutoka Chebunyo kumuuliza Chepngetich kama anaweza kuwatengenezea mbuzi.

"Naweza," huwajibu, akivuta kinyago chake cha kuchomelea, "lakini huyo mbuzi atafanya nitakavyo mimi."