Kifua cha Papa Apollinaire

Mama mukwe wangu Emérence alifagia maternité, pale hospitali wamama wanapojifungulia, miaka kumi na miwili, na hakuna mutu aliyewahi kumuuliza aliona nini mule ndani. Shauri yao. Mwezi wa nane 1998, vita ilipoingia Bukavu, mimi nikajifungua mwanangu Akonkwa nyumbani, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya siku yake. Mume wangu Aganze alikuwa amekwama Kamanyola. Mutoto alikuwa mudogo sana, miguu baridi, hata kilio hakitoki vizuri.

"Tumupeleke hospitali kwenye couveuse, ile mashine ya kupasha watoto joto," nikasema.

"Couveuse gani, Chancelle? Courant ya umeme hakuna muji muzima, na kule barabarani wanapigana. Couveuse ni siye wenyewe."

Akamuvua mutoto nguo zote, akamulaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja na kitenge. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, jirani yetu Valérie aliniambia ni machafu, niyamwage. Emérence aliyakamua kwenye kijiko akamunywesha mutoto tone kwa tone. "Wee Valérie, kamwage yako!" Nilimupenda sana siku ile.

Siku mbili tukapokezana mutoto, kifua changu, kifua chake. Siku ya tatu homa ikanikamata, nikatetemeka hadi kitanda kinalia. Emérence naye alikuwa anasinzia amesimama, na bado kulikuwa na maji ya kuchota na dawa yangu ya kutafuta. Akamugeukia baba mukwe, Apollinaire, katekista, mutu wa kufunga kola mpaka shingoni hata mabomu yakilia.

"Papa Aganze, toa shati."

"Aka! Mama Aganze, uko na akili? Kitovu iko bado mubichi."

Katika familia yao mwanaume hashiki mutoto mpaka kitovu kianguke. Mimi pale kitandani hasira ilinipanda kuliko homa. Mwanangu afe sababu ya shati? Nikafungua mudomo nimutukane muzee wa watu, lakini Emérence akanitangulia, tena kwa sauti ya chini kabisa.

"Nilizala sita. Wawili walikufa na baridi, kitovu haijaanguka. Wale uliwangojea. Huyu hautamungojea."

Muzee akaanza kufungua vifungo, vidole vikamushinda, Emérence akamumalizia. Akakaa kwenye kiti na Akonkwa kwenye kifua chake chenye mvi. Mutoto akahangaika kidogo, akatulia. Emérence akachukua bidoni yake ya maji akatoka. Risasi zilianza tena upande wa soko, muzee hakugeuza hata kichwa.

Aliporudi, alishika miguu ya mutoto. Ilikuwa na joto. Akanyoosha mikono amuchukue, baba mukwe akakataa.

"Mama Aganze," akasema, "wale wawili, walikuwa na uzito gani?"

"Kama huyu," akasema Emérence. "Kama huyu tu."

Tangu vita ianze sikuwa nimemuona akikaa. Akakaa chini, pale pale mulangoni, akalia.